Groupe ya Chef Edouard

Watu wa Cimpunda, na ninyi wa Kadutu yote mpaka kule sokoni, ikaeni kidogo munisikilize. Habari hii munaijua nusu nusu. Kila mutu aliisikia kwa mudomo wa mwingine, na kila mudomo uliongeza chumvi yake. Mimi nilikuwapo. Nilibeba bidon ya essence, dumu la petroli, kwa mukono wangu huu. Shule nilifika primaire ya tatu tu, kwa hiyo nitasema mambo kama yalivyokwenda. Kusema kwa kuzunguka kunahitaji diplôme.

Ilikuwa siku ya Mungu, kisha misa ya pili. Mvua ilikuwa imeacha, jua limetoka, watoto wanateleza kwa matope na nguo zao za kanisa. Maman Virginie alikuwa ameketi mbele ya mulango wake, tumbo kubwa mbele yake, mimba ya kwanza kisha miaka mingi ya kungoja. Alikuwa anachagua maharagi kwa lungo na kutupa mawe pembeni. Ndani, mume wake Papa Edouard, chef wa avenue yetu, yaani mukubwa wa mutaa huu, alikuwa anaangalia mupira kwa televizio, na koti yake ya misa bado mwilini. Courant, umeme, haikuwapo. Wakubwa wa courant wanajua wenyewe wanaipeleka wapi. Lakini kwa Chef Edouard televizio iliwaka, juu yeye alikuwa na groupe.

Kwa musomaji wa mbali, aelewe: groupe kwetu ni ile mashine ya essence yenye kutoa courant. Ya Chef ilikuwa ya njano, nzito, na sauti yake ilifunika hata kengele ya kanisa. Aliiweka chini ya dirisha la jirani yake Zagabe, mubebaji wa mizigo kwa soko ya Kadutu, ili courant ibaki kwake na moshi uende kwa Zagabe.

Zagabe alikuwa analipiza kwa mudomo. Kila asubuhi akipita na kamba yake begani:

"Chef, umeamkaje? Leo usijisumbue kukohoa. Mimi nimekukoholea tayari."

"Zagabe, nenda ubebe mizigo ya watu."

"Naenda, Chef. Wewe bakia ubebe cheo."

Watu walicheka. Hata Maman Virginie aliinamia maharagi yake ili bwana asione meno. Hiyo ndiyo ilikuwa amani yetu.

Siku hiyo wakafika wageni: kijana wa miwani, koti nyeupe kwa mukono, na mwanamuke mumoja anamubebea kasha. Kijana alikuwa Docteur Josué, anatoka université. Akasimama katikati ya avenue, akaanza kwa Kifaransa, akatuangalia, akaingia Swahili.

"Bapapa na bamaman, tunafanya utafiti. Tunataka kujua groupe ya kila mutu wa avenue hii. Nani iko na groupe gani, tunaandika, ili siku ya taabu tujue tunagonga mulango gani."

Hapa nasimamisha hadithi kidogo. Munaona namna wasomi wetu wanasema? Mutu amekaa miaka mingi anaangalia damu kwa kioo cha kukuza vitu, ameiangalia mpaka macho yamechoka, na neno "damu" linamushinda kutamka mbele ya watu. Akasema groupe. Kwa Cimpunda.

Avenue yote tukarudi hatua moja nyuma. Munajua kilichopita kwa vichwa vyetu: taxe, kodi ya serikali. Leo wanaandika groupe, kesho wanaleta taxe ya groupe. Mimi mwenyewe niliwaza hivyo nikaogopa, na groupe sina.

"Mimi nawashaka bougie tu, mushumaa mumoja," maman mumoja akasema mbio mbio.

"Sisi tulikuwa nayo, wakaiiba," mwingine akasema.

Docteur Josué akashangaa. "Maman, groupe haiibiwi. Umezaliwa nayo."

"Nimezaliwa nayo?"

"Ndiyo. Kila mutu. Hata mutoto muchanga iko nayo."

Tukaangaliana. Taxe mpaka kwa watoto wachanga. Hata serikali yetu, na mambo yake yote yenye tunaijua, haikuwa imefika pale.

Zagabe akainua mukono. "Docteur, kama unatafuta groupe, fuata masikio. Ile inalia pale."

Papo hapo groupe ikanyamaza. Tukasikia kitu kizito kinakokotwa kupitia mulango wa nyuma mpaka ndani ya nyumba, kitanda kinasukumwa, bati linagongwa. Kisha Chef Edouard akatoka, koti imekunjamana, jasho kwa paji la uso.

"Docteur, karibu. Mimi ndiye chef hapa. Groupe hakuna."

"Chef, nasema groupe sanguin. Ile ya damu."

Chef alikuwa amefanya kazi ya bureau, lile neno alilijua vizuri. Lakini mutu akisha kupata cheo anaona mutego kila mahali. Akatugeukia sisi, akasema chini chini: "Munaona akili yao? Wanaanza na sanguin, watamalizia na ile ingine." Kisha akapandisha sauti. "Avenue hii haitoi damu wala haiandikishi damu. Damu ya mutu ni ya ukoo wake. Munaipeleka wapi?"

"Hatupeleki popote, Chef. Ni tone moja la kidole."

Maman Virginie akaacha maharagi, akanyoosha kidole. "Basi mimi wanipime. Niko karibu kuzaa."

"Wewe damu yako iko na kazi ya mutoto," Chef akasema. "Usiisumbue."

Yule mwanamuke wa kasha alikuwa amekwisha kutoa sindano, sindano ndogo tu, ya kidole. Chef alipoiona, uso wake ukageuka rangi ya bugali bwa muhogo. Akatangaza kwamba avenue imekataa. Hakuna aliyekuwa ameuliza avenue. Docteur Josué akafunga kasha, akashika njia ya avenue ya pili, na sisi tukapiga makofi kwa Chef aliyetukinga na taxe. Ndiyo, tulipiga makofi. Chef akarudi ndani bila kumalizia mupira, maana groupe aliiacha chini ya kitanda, imefunikwa na kitambaa cha maua cha siku ya ndoa yao, na kutoka siku hiyo aliikokota nje usiku tu, kuiwasha palepale kwa dirisha la Zagabe.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja uchungu ukamushika Maman Virginie. Wakamupandisha kwa moto, ile pikipiki ya kukodi, mpaka hospitali moja ya kule juu kwa mulima, jina lake naliacha. Saa ya mchana Chef akarudi mbio, anacheka peke yake njiani. Amezaa. Mutoto mwanamuke. Tukamuzunguka, tukamupongeza, mutu akafungua chupa. Mvua ilikuwa inapiga, courant hakuna kwa quartier yetu yote. Simu ya Chef ikalia, akaiweka kwa sauti kubwa ili sote tusikie pongezi.

"Allô, Papa Edouard? Ni infirmière Tatiana, muuguzi wa maternité. Kuja mbio. Maman anapoteza..." Réseau ya simu ikakula neno. "...groupe yake... kwa frigo hatuna..." Ikakula tena. "...leta groupe, leta watu, mbio, papa, maman anaweza..."

Simu ikakata.

Chef akarudilia namba, haikupita.

"Anapoteza nini?" Zagabe akauliza. Alikuwa amekuja kunywa ya bure kama wote.

"Nguvu," Chef akajibu. "Salle iko giza. Frigo yao imezima, dawa zinaharibika. Wanataka groupe."

Na ninyi munaocheka sasa, mungewaza nini kingine? Hospitali zetu mara ngapi zimetuomba essence? Mara ngapi mugonjwa amelazwa, na jamaa yake anatumwa kutafuta bougie, kutafuta maji, kutafuta uzi wa kumushonea? Wakubwa wametuzoeza hivyo. Mutu akiniambia hospitali inataka groupe, mimi naamini. Hata ikitaka mabati naamini.

Chef Edouard, mutu ambaye hakuwahi kumuazima jirani hata tournevis ya kukazia skrubu, akaingia chumbani, akapiga magoti, akaanza kuvuta groupe kutoka chini ya kitanda. Kuivuta aliweza, kuibeba ilimushinda. Akatoka kwa mulango.

"Zagabe."

"Chef."

"Kuna muzigo."

"Wa nani?"

"Wa Virginie."

Nilingoja tusi. Tusi halikutoka. Zagabe akafungua kamba yake begani, akamuita Didier, mubebaji mwenzake, akaita na vijana wengine wawili wa soko, wakafunga groupe kwa miti miwili, wakaipandisha kwa mabega. Mimi nikachukua bidon.

Njia ya kule juu munaijua. Moto haiwezi kupanda kwa matope yale. Chef alitangulia na koti yake, anafungua njia. Nyuma yake wanaume wanne, juu yao kitu kirefu kimefunikwa kitambaa cha maua, na nyuma kabisa mimi muzee ninalia kwa uzito wa bidon. Basi watu wakaanza kuvua kofia. Maman mumoja muuza ndizi akafanya ishara ya musalaba, akamuuliza Didier kwa huzuni:

"Ni nani, papa?"

"Ni groupe," Didier akasema, anahema.

"Groupe nzima? Mungu wangu. Ajali?"

"Tuombee, maman," Zagabe akasema kutoka upande wa pili. "Huyu marehemu ni muzito."

Wengine walitufuata mpaka kona wakiimba wimbo wa mazishi. Chef hakugeuka. Mimi nilimuona midomo yake inatembea, lakini sikujua kama anaimba nao ao anaomba.

Tukafika hospitalini. Kitu cha kwanza nilichoona ni taa. Zote zinawaka. Hospitali ilikuwa na groupe yake, kubwa kama nyumba ya mbuzi, inalia nyuma ya jiko bila taabu.

Infirmière Tatiana alikuwa kwa mulango wa maternité, damu kwa glove yake.

"Papa Edouard, ulikuwa wapi? Nilikuita zamani." Akaangalia kile kitu. "Na hii ni nini?"

Chef akavuta kitambaa. "Groupe."

Yule dada akaiangalia mashine, akamuangalia Chef, akatuangalia sisi na matope yetu. Hakucheka. Ndipo nilijua kwamba mambo yameharibika.

"Papa," akasema polepole, "nilisema groupe ya damu. Maman hajaacha kutoka damu tangu azae. Tumempa dawa, tunamukanda tumbo, inapunguka lakini ameishiwa. Yeye ni O négatif. Kwa frigo hakuna poche, mufuko wa damu, hata moja ya aina yake. Nilisema ulete watu. Ndugu zake wako wapi?"

"Kwao Katana, mbali kule."

"Katana, na mvua hii."

Chef akaketi juu ya groupe.

Niruhusuni niseme kitu changu. Mimi nilizika muke, Bintu, kwa sababu ya poche ya damu yenye haikupatikana. Alihitaji B. Wakaniambia, papa tafuta. Nitafute wapi? Nani ana alama kwa uso? Nilizunguka kama mutu anatafuta sindano iliyoanguka ziwani. Leo, kisha mambo haya ninayowaandikia, najua kwamba jirani yangu, tunatengana kwa bati moja tu, ni B. Siku ile alikuwa kwake, anakula. Angekuja. Ni mutu muzuri. Hakuna aliyemuita, maana hakuna aliyejua, hata yeye. Wakubwa wanajua kila nyumba ina kuku wangapi wakati wa kuchanga michango. Damu yetu hawakujua.

Turudi hospitalini.

"Nani nayo hiyo négatif?" Chef akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hatujui. Ni watu wachache sana wako nayo. Docteur Josué alipita kwa ma-avenue kuwaandika. Wanasema kwenu kuna chef aliwafukuza."

Chef akaangalia viatu vyake. Nikamuangalia Zagabe, nikaona na yeye anaangalia viatu vya Chef.

Tatiana akahesabu mabega yetu kwa macho. "Na hawa?"

"Wabebaji," nikasema.

"Vizuri. Kwa kuwa mumebeba groupe yenye haitumiki, nataka kuona ile yenye mumebeba ndani."

Akatukalisha kwa banki moja ya mbao, akatupa maji ya sukari, akaleta kigae cheupe na vichupa vyake. Akatoboa vidole, kila mutu tone lake, akachanganya na dawa, tone moja linagandamana, lingine linabaki laini. Na huyu, tofauti na wasomi wengine, alieleza akiwa anafanya. "Mwenye O négatif anaweza kumusaidia karibu kila mutu. Lakini yeye mwenyewe akipata shida, anasaidiwa na O négatif mwenzake tu. Ukimupa ingine, mwili wake unaipiga vita."

"Basi hiyo ni damu ya mubebaji," Zagabe akasema. "Anabebea wote, yeye hana wa kumubebea."

Chef alikuwa ameficha mikono yote miwili ndani ya koti. Tatiana akangoja. Chef akatoa kidole kimoja, akaangalia dari mpaka ikaisha.

"A positif, papa."

"A," Chef akasema, akainuka kidogo. "Ya kwanza kabisa. Na positif."

"Ni nzuri, papa. Kwa maman haisaidii kitu."

Akaketi tena. Didier alikuwa O, lakini positif, na ile positif inaharibu. Vijana wawili walikuwa wa groupe zingine. Mimi nikaambiwa kwamba damu yangu ni nzuri, ila miaka yangu ndiyo mibaya, nibaki nayo tu.

Tatiana akainama juu ya tone la Zagabe, akainama sana, akarudilia mara ya pili na dawa mupya.

"Papa Zagabe. Wewe ni O négatif."

"Négatif tena?" Zagabe akasema. "Hata damu inanikatalia."

"Hapana, papa. Wewe ndiye tunatafuta. Lala hapa."

Mungedhani hadithi imeisha. Ndipo ilianza.

Kwetu sisi Bashi, wazee walikuwa wanakunywa kihango. Watu wawili wanachanjana kidogo, kila mumoja anaonja damu ya mwenzake, na toka siku hiyo hauwezi kumudanganya, hauwezi kumunyima kitu, hauwezi kumutukana. Ukivunja, tumbo linavimba. Vijana wanasema ni mambo ya zamani. Lakini muangalie kijana huyo huyo siku damu inatajwa.

Zagabe alikuwa amesimama, anakunja kamba yake.

"Infirmière, utafute mwingine."

"Mwingine hayupo."

"Sikia nikuelezee. Maman na Chef ni mwili mumoja. Padri alisema mbele yetu sote, tulikula na wali. Damu yangu ikiingia kwa maman, imeingia kwa Chef. Hiyo ni kihango. Kesho asubuhi nitamutukana namna gani?"

"Utaacha kumutukana, papa."

"Dada yangu, mimi sina redio. Televizio naisikilizaka kupitia ukuta. Moshi wake nakula kila siku. Raha yangu ni ile moja tu, na wewe unataka kunitoa nayo kwa sindano."

"Na mimi je?" Chef akadakia. "Mimi ndiye nitakuwa siwezi kumunyima. Akiomba waya ya courant, natoa. Akiomba koti, natoa. Atakaa anaomba mpaka aombe kiti cha chef."

"Kiti sikitaki. Kimekuharibu wewe, kitaniharibu na mimi."

Munaona jambo hilo? Nyuma ya mulango mwanamuke anaisha kama bougie, na mbele ya mulango wanaume wawili wenye ndevu wanagombania haki ya kugombana. Tatiana aliwaangalia wote wawili. Hakupandisha sauti.

"Papa Edouard. Amua sasa. Mimi narudi ndani kumushika mukono, maana anaogopa, na hapaswi kuwa peke yake."

Chef Edouard akavua koti. Sikuwahi kumuona bila koti. Ni mutu mwembamba, kumbe. Akaenda akaiweka kwa mabega ya Zagabe, juu ya matope.

"Chukua tangu leo. Chukua na hii groupe. Na kama ni matusi, nitukane kila siku, mbele ya hawa mashahidi nakuruhusu, kihango kisihesabu. Zagabe, nakuomba."

Zagabe akashika kola ya ile koti. "Chef, tusi la kuruhusiwa halina utamu."

"Najua," Chef akasema. Akaanza kulia, bila sauti, kama watu wa bureau wanavyolia.

Ndipo tukasikia sauti kutoka ndani, ndogo sana.

"Ni Zagabe huyo?"

"Ni mimi, maman."

"Usiende." Akapumzika. "Kwa nyumba ile, wewe tu ndiye unanichekeshaka."

Chef aliyasikia maneno hayo. Aliyasikia vizuri, uso wake ulionyesha. Zagabe akavua koti, akamurudishia Chef, akapanda kwa kitanda na kunyoosha mukono, mukono munene wa kubeba mifuko ya saruji.

"Toa yenye inafaa," akamuambia mutu wa labo aliyekuja na sindano. "Unibakishie tu ya kushukia mulima."

Walipima kwanza kama haina ugonjwa, wakailinganisha na ya maman ndani ya kichupa kuona kama zinasikilizana. Ile ngojea ilikuwa ndefu. Chef alisimama pembeni ya Zagabe, amemushika bega, na kila mara Zagabe akifunga macho Chef anamuuliza kama bado yuko. Poche ikajaa. Tatiana akaipokea kwa mikono miwili, akaingia nayo.

Virginie hakufa. Niseme wazi, maana najua wengine munasoma muna roho mukononi. Poche ile ilimushikilia mpaka ndugu zake wa Katana walipofika, matope mpaka kwa magoti, na mumoja wao akapatikana ni O négatif vilevile. Mutoto walimuita Sagesse, maana yake hekima. Zagabe alisema ni jina zuri, ila lilikuja nyuma kidogo ya wakati wake.

Asubuhi ya kwanza kisha maman kurudi nyumbani, avenue yote tulitoka nje. Zagabe akapita na kamba yake. Akafika mbele ya mulango wa Chef, akafungua mudomo. Tukangoja. Akaufunga.

"Bonjour, Chef."

"Bonjour, ndugu yangu. Umelala vizuri? Moshi haukukusumbua?"

"Hapana, Chef. Asante kwa kuuliza."

Ilikuwa mbaya sana. Watoto waliingia ndani. Siku nyingi ziliendelea vile, adabu juu ya adabu, wote wawili wamekonda, kila mumoja akijipapasa tumbo kuona kama linavimba, mpaka Maman Virginie akawaita kwa mulango wake, mutoto mugongoni.

"Infirmière amenieleza," akasema. "Damu imekwisha kuwa yangu. Ni mimi nilikunywa kihango, si ninyi. Mimi ndiye siwezi kumunyima Zagabe kitu. Kwa hiyo Edouard, waya ya courant itapita leo, na groupe itahama kwa dirisha letu. Na wewe Zagabe, huyu bwana bado ni wako, mutukane."

Zagabe akamuangalia Chef kutoka kichwa mpaka miguu, kama mutu anarudi kwa shamba lake kisha safari.

"Chef," akasema, "sasa ndiyo nimeelewa kwa nini walikupima A. Hawakupata herufi ya kukuweka nyuma zaidi."

Hata haikuwa na maana. Avenue yote tulicheka mpaka machozi.

Wiki iliyofuata Docteur Josué akarudi. Safari hii Chef mwenyewe alitangulia na mégaphone, mulango kwa mulango. "Ni damu," alikuwa anasema. "Si mashine. Si taxe. Ni damu yenye iko ndani yako. Muje." Watu wakaja. Kulikuwa na mwenye kuogopa, mwenye kutaka kujua kama wanatoa soda, na muzee mumoja aliyeuliza kama anaweza kubadilisha groupe yake na ya shemeji. Lakini wakaja, na sasa ukianguka kwa avenue yetu tunajua tunagonga kwa nani.

FUNDISHO

Jueni groupe ya damu yenu wakati bado muna nguvu ya kucheka. Siku mugonjwa analala kwa kitanda, hiyo siyo saa ya kuanza kuulizana. Tone moja la kidole halimalizi mutu. Na mwenye afya atoe damu mbele hajaitwa, ili frigo isikae tupu. Mwili wake utatengeneza ingine, wa mwenzake hauna wakati huo.

Kama unaogopa kwamba damu itakufanya ndugu na adui yako, ogopa tu, lakini toa. Hakuna aliyekufa kwa kuongezewa ndugu. Kwa kukosa poche wamekufa wengi, na mimi mumoja nilimufunga macho kwa vidole vyangu.

Na ninyi wakubwa, wa ofisi, wa université, wa avenue, kosa kubwa ni lenu, na siliondoi. Mukikuja kwetu, damu muiite damu. Frigo ya hospitali mujaze kabla ya kutujaza maneno. Musikatae kwa niaba ya watu wenye hamukuwauliza. Na siku musomi anafungua kasha lake katikati ya avenue, wewe chef usisimame nyuma kuangalia nani atatoka. Nyoosha kidole chako wa kwanza. Kama ukianguka, tutakuinua.